Swali Ambalo Chelimo Hakulisoma

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungia nyama kabla hujafika ukurasa huu, pole sana. Shika haya machache, twende pamoja.

Chelimo ni daktari wa Elburgon. Anataka kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya akina mama, na ameomba mara mbili, akakosa mara mbili. Mara ya kwanza aliitwa mbele ya jopo, akaulizwa habari zake, naye akatumia muda wote kuwasifu manesi. Wakubwa walimwambia wamefurahi mno, na kama manesi hao wanatafuta kazi, waje. Mara ya pili hakuitwa kabisa.

Mwaka huu ile hospitali kubwa ya mafunzo imekuja na mtindo mpya. Hakuna jopo wala kupanda ngazi na viatu vinavyobana. Unajirekodi mwenyewe. Unaketi mbele ya kompyuta, swali linatokea kwenye kioo, unapewa nusu dakika ya kufikiri, kisha swali linapotea, taa nyekundu inawaka, na unazungumza na ukuta dakika mbili. Wakubwa watakutazama siku wakipenda, wakinywa chai yao.

Masharti ni mawili. Jibu likitoka limetoka, hulirudii. Tena lazima uwe peke yako. Ukianza kujibu na ikasikika sauti ya mtu wa pili, mahojiano yako yamefutwa, nenda nyumbani.

Juma lililopita tulimwona akifanya mazoezi kwake Elburgon, na kila alipofungua mdomo mashine ya mbao ya jirani ikaanza kupasua magogo. Akapandwa na hasira, akatia kompyuta mkobani, akateremka Nakuru kwa rafiki yake Karishma. Tulimwacha mlangoni akibonyeza kengele. Mwisho wa kutuma ni leo hii, saa kumi na mbili jioni.

Kuna jambo sikuwaambia, maana na mimi nina ujanja wangu. Karishma naye ni daktari. Naye ameomba ubingwa ule ule. Na nafasi ni moja.

"Umechelewa," Karishma alisema akifungua mlango. "Mama amepika kama tuna harusi. Usikatae kitu, utaniletea shida."

Familia ya Karishma inaishi juu ya duka lao la vitambaa. Chini, baba yake, Mzee Mahesh, hupima vitambaa kwa yadi. Juu, mama yake, Anti Shakuntala, hupima watu kwa sahani. Tangu Chelimo na Karishma walipofanya kazi pamoja Naivasha, mwaka wao wa kwanza wa udaktari, Chelimo amekuwa mtoto wa nyumba hiyo.

"Beta, mwanangu, umekonda," Anti alisema akimshika kidevu. "Elburgon hakuna chakula?"

"Kiko, Anti."

"Kiko wapi? Mimi naona mifupa tu."

Chelimo alikula chapati, akala dengu, akala chevda, ile mikaango mikavu ya pilipili, akanywa chai yenye tangawizi ya kutosha kumwamsha maiti. Ndipo akaachiliwa.

Karishma alimpeleka chumba cha nyuma, wanakoweka mali. Kuta zote zilikuwa zimezibwa na majora ya vitambaa hadi darini, kwa hiyo kelele za barabarani hazikufika. Mlango tu ndio uliokuwa mwembamba, wa mbao za kubandika. Walitundika shuka jeupe nyuma ya kiti, wakawasha kompyuta ya Chelimo.

Ukiyafungua mahojiano hayo unaanzia mazoezini. Unapewa swali la kujaribia, "Tuambie habari zako," ulijibu mara nyingi upendavyo, na kila ukimaliza unaweza kujitazama. Mahojiano yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lakini sisi hapa tuna lugha yetu na tutaitumia.

"Sisi pale Elburgon tulipokea mama mmoja ambaye mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni," Chelimo alianza.

"Nyinyi nani?" Karishma aliuliza kutoka nyuma ya kompyuta.

"Sisi wa wodi."

"Nani alimpasua huyo mama?"

"Mimi. Lakini nesi Wamaitha ndiye aliyegundua mapema kwamba..."

"Chelimo! Wamaitha hajaomba nafasi!"

Walijaribu tena. "Sisi." Wakajaribu tena. "Timu yetu." Karishma alivua kiatu, akamwonyesha.

"Ukisema 'sisi' mara nyingine nakurushia hii. Aki nakwambia. Jisemee, bana! La sivyo utaishia kama Kimeli, kukamua ng'ombe Njoro."

Kimeli walikuwa naye Naivasha. Aliuchoka udaktari kabla ya mwaka kwisha, akarudi kwao kufuga. Inasemekana ng'ombe wake wana afya nzuri sana.

Usimcheke Chelimo, msomaji. Kwao mtu hajisifu. Mama yake alimlea kwa methali moja, akaikariri mpaka ikaota mizizi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dada yake alipoposwa, yule kijana mwenyewe hakusema lolote. Alikaa akitazama viatu vyake, na aliyesema ni Mzee Kipkirui, msemaji wa ukoo wa kijana, aliyeanzia kwa babu na kushuka polepole hadi kwa mjukuu. Mtu wa maana husemewa na wenziwe. Ukimwona anayejisemea, chunguza kasoro yake.

"Methali nzuri," Karishma alisema alipoelezwa. "Lakini mimi nimekulia dukani. Kitambaa kizuri usipokitundika mlangoni kinaliwa na panya."

"Basi nifanyeje? Ulimi hautaki."

Karishma alifikiri, akavaa kiatu chake.

"Nina wazo. Mimi nikusemee wewe, na wewe unisemee mimi. Mazoezi tu. Ukisikia unavyosifiwa, utayachukua maneno hayo hayo ujisemee. Tuseme nimekuwa Mzee Kipkirui wako."

"Mzee Kipkirui ana ndevu."

"Ondoka kwa kiti."

Karishma aliketi, akabonyeza, taa ikawaka. Na hapo, jamani, Chelimo alisikia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia usoni.

"Nataka kuwaambia juu ya Daktari Chelimo," Karishma alisema. "Mwaka juzi alikuja kwetu sikukuu ya Diwali. Mama yangu alikuwa akipanda ngazi, akasimama katikati, akainama kama anafunga kamba za kiatu. Sisi sote tulimpita. Chelimo ndiye aliyesimama. Alisema, 'Anti, mbona unafunga kamba na umevaa slipa?' Mama alikuwa anatafuta pumzi na kutuficha. Kesho yake Chelimo alimpeleka kwa nguvu kupimwa moyo, wanagombana njia nzima. Ilipatikana valvu ya moyo imebana. Mimi ni daktari, naishi na mama yangu, na sikuona. Kama mama yangu bado anapika, ni kwa sababu ya Chelimo."

Taa ikazimika. Waliirudisha rekodi wakaitazama, na Chelimo hakuweza kuitazama mpaka mwisho. Alijifuta macho kwa ncha ya jora la hariri, yadi moja ya bei mbaya.

"Sikujua unakumbuka hata zile slipa," alisema.

"Nazikumbuka kila siku. Zamu yako. Nisifu vizuri, usinibanie."

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema Rudia. Cha pili kilisema Endelea. Chelimo, akiwa na machozi machoni na adabu ya mtu anayefuata anachoambiwa, alibonyeza Endelea. Kwani si walikuwa wanaendelea?

Maneno yalitokea. Chelimo alikuwa anapenga kamasi. Karishma alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta, anainua taa ya mezani ili uso wa rafiki yake upate mwanga. Kila mmoja alijua kwamba ni lile swali la kujaribia. Nusu dakika ikaisha, maneno yakapotea, taa nyekundu ikawaka.

Chelimo alinyoosha mgongo. Kumsifu mwingine hakumpi shida, ndipo alipozaliwa hapo.

"Kuna daktari anaitwa Karishma," alianza. "Tukiwa Naivasha aliletwa mama kutoka Kamere, mfanyakazi wa shamba la maua, amejifungua njiani na damu haikomi. Sisi wengine tulikimbilia mgonjwa. Karishma alikimbilia simu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameuliza asubuhi ile kama kuna damu ya akiba, akaambiwa hakuna. Alimpigia baba yake Nakuru, baba akawapigia wenye maduka aliowajua Naivasha. Kabla hatujamaliza kufunga dripu, wanaume walikuwa wamepanga foleni nje na mikono ya mashati imekunjwa, tayari kutoa damu, wengine bado wana funguo za maduka mkononi."

Karishma alijiziba mdomo kwa kipande cha kitambaa. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kimya kimya.

"Yule mama alirudi Kamere kwa miguu yake," Chelimo aliendelea. "Mtoto anaitwa Karishma, na pale kijijini kila mtu anamtamka anavyojua. Wapo madaktari wenye mikono mizuri kuliko ya Karishma. Lakini mama yangu akilazwa leo, sitaki mikono mizuri. Namtaka yule anayeuliza damu iko wapi kabla haijahitajika. Ningemwachia Karishma mama yangu na kwenda kulala usingizi."

Taa ikazimika.

"Chelimo, wewe!" Karishma alipumua. "Nilikuwa nimesahau zile funguo. Rudisha tuitazame."

Chelimo alitafuta kitufe cha kutazama. Hakukiona. Alitafuta tena, akasogeza uso karibu na kioo.

"Karishma."

"Nini?"

"Hapa wameandika, 'Jibu la kwanza kati ya mawili limepokelewa.'"

"Limepokelewa na nani?"

"Na wao."

Walitazamana. 

"Hayo yalikuwa ya kweli?" Karishma aliuliza kwa sauti ndogo. "Umenisifu mimi? Kwa jopo?"

"Dakika mbili nzima."

Chelimo alipiga hesabu. Miaka yote ile ya zamu Elburgon, baridi ya msitu wa Mau inamla mifupa, akijiambia mwaka huu ni wangu, na dakika zake mbili amempa mshindani wake bure, tena na mifano juu. Alitaka kucheka na alitaka kutapika, na kwa sababu ya dengu za Anti kutapika kulikuwa karibu zaidi.

Kioo kikabadilika: "Jiandae kwa swali la pili."

"Sijaona!" Karishma alipiga kelele. Maswali yalikuwa yale yale kwa kila mwombaji, na yeye alikuwa hajajibu. "Sijaona kitu! Natoka!" Alijifunika macho, akaligonga jora la pamba, akafunika masikio, akafungua tena macho ili auone mlango, akatoka nje. Ningependa mkumbuke hilo. Msichana huyu angeweza kubaki akasoma, na alitoka mbio.

Chelimo alibaki peke yake. Swali likaja, na safari hii alilisoma mpaka alama ya kuuliza.

"Tusimulie siku kazi ilipokwenda mrama mikononi mwako, na ulifanya nini."

Si mchezo. Wewe ungejibu nini?

Alikuwa na jibu alilolihifadhi tangu mwezi uliopita, zuri, lenye mwanzo na mwisho, lenye "sisi" nyingi. Aliliangalia kichwani mwake akaona halina uso wa kutoka. Taa nyekundu ikawaka.

"Siku hiyo ni leo," Chelimo alisema. "Nilidhani bado nafanya mazoezi. Sijui swali lenu la kwanza liliuliza nini, sikulisoma. Nilichosema nilisema kwa moyo wote, lakini nilikuwa nasema na rafiki yangu, si na nyinyi. Alikuwa amesimama hapa chumbani, kimya. Sasa ametoka. Kama hilo linanifuta, nifuteni mkijua."

Alisogeza kiti karibu na kioo.

"Pale Elburgon umeme hupotea mgonjwa akiwa amefunguliwa tumbo. Mara ya kwanza ilipotokea niliganda. Tangu siku hiyo nina kawaida moja. Jambo likiharibika nalisema kwa sauti, papo hapo, kila mtu asikie. 'Taa zimezimika. Damu inatoka. Nesi, tochi hapa.' Nikikosea mimi, nasema nimekosea mimi, kwa sauti hiyo hiyo. Kosa likitajwa mapema, watu kumi wanakusaidia. Likifichwa, unabaki nalo wewe na mgonjwa wako. Kwa hiyo nasema kwa sauti. Nimekosea. Mimi ndiye niliyebonyeza. Na mimi bado ni daktari mzuri. Nafanya upasuaji gizani na wagonjwa wangu wanaamka. Nataka nafasi hii. Mimi, Chelimo, naitaka."

Taa ilizimika kabla hajajua amemaliza. "Asante. Mahojiano yako yamekamilika."

Alikuwa amejitembeza kama muuza karanga. Mama yake angezirai. Lakini moyoni mwake kulikuwa na wepesi asioujua unatoka wapi, na aliuonea haya kidogo.

Alipotoka, Karishma alikuwa anazungukazunguka ukumbini. Anti Shakuntala alikuwa ameketi kwenye kochi kubwa, anachambua njegere, hajui lolote.

"Umejibu?"

"Nimejibu. Nimekiri kila kitu."

"Na lile la kwanza lilikuwa linauliza nini?"

"Kwani wewe hukulisoma?"

"Mimi nilikuwa nashika taa! Wewe ndiye uliyekuwa mbele yake!"

"Mimi nilikuwa napenga kamasi!"

Walianza kucheka. Walicheka mpaka Anti akawauliza kama kuna mtu amekufa, maana siku hizi vijana hucheka matangani. Mzee Mahesh alipiga mlango wa ngazi kutoka chini, wateja wanashangaa. Ndipo Karishma akanyamaza ghafla, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Umenisifu mbele yao, Chelimo. Na nafasi ni moja."

"Najua."

"Kama kungekuwa na kitufe cha kufuta, ungefuta?"

Chelimo alitaka kusema hapana. Ingekuwa vizuri kusema hapana. "Ningefuta mbio," alisema. "Lakini kila neno lilikuwa kweli."

Karishma alimkumbatia, akamkaza mpaka miwani ikaenda upande. Halafu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa kumi na moja.

"Ngoja niingie kabla sijakosa zote mbili," alisema. "Niombeeni." Akachukua kompyuta yake, akafunga mlango ule mwembamba.

Chelimo aliketi kando ya Anti, akapewa chai nyingine bila kuulizwa. Hakukusudia kusikiliza. Lakini Karishma ana tabia ya tangu shule, mkimweka mbele ya mtihani lazima alisome swali kwa sauti, na kabla ya taa kuwaka hakuna anayemkataza. Mlango wa mbao za kubandika haukuficha hata herufi.

"'Ni daktari gani mwenzako ambaye ungemkabidhi mama yako amtibu, na kwa nini?'"

Chelimo aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

Hilo ndilo swali la kwanza! Hilo ndilo ambalo hakulisoma! Naye alikuwa amelijibu, bila kulisoma, na mama yake ametajwa humo ndani, na foleni ya wanaume, na funguo. Alijibu kama mtu ambaye mtihani uliibwa akaletewa kitandani.

"Anti!" alinong'ona akimshika mkono. "Nililijibu! Nililijibu na sikujua!"

"Pole pole, beta, njegere. Swali gani?"

"Wanamuuliza Karishma, ni daktari gani angemkabidhi mama yake. Yaani wewe."

Anti Shakuntala alitabasamu. Aliiweka sahani ya njegere mezani, akajifuta vidole, akatengeneza sari yake begani na kuugeukia mlango. Ni nani asiyependa kusikia mtoto wake akimtaja?

"Hiyo rahisi," alisema. "Atasema wewe."

Chelimo alijua hivyo pia. Mbona maneno yenyewe yalikuwa tayari, yametoka kusemwa pale pale kwenye kiti kile. Karishma angemsifu naye, jopo lingesikia, na wangekuwa sawa kwa sawa, kila mmoja na msemaji wake. Alishangaa alivyokuwa na hamu ya kulisikia jina lake. Kimya cha nusu dakika kilikuwa kirefu.

"Daktari ambaye ningemkabidhi mama yangu," sauti ya Karishma ilianza, imara, tamu, ya binti wa duka, "ni Daktari Kimeli."

Anti alikunja uso. Chelimo alidhani hakusikia vizuri.

"Mwaka juzi Daktari Kimeli alikuja kwetu sikukuu ya Diwali. Mama yangu alikuwa akipanda ngazi, akasimama katikati, akainama kama anafunga kamba za kiatu. Sisi sote tulimpita. Kimeli ndiye aliyesimama..."

Kimeli! Kimeli wa ng'ombe! Kimeli asiyeshindania na mtu yeyote nafasi yoyote duniani!

Iliuma. Sitawazungusha. Ilimuuma Chelimo kuliko miaka miwili ya kukosa, kwa sababu kukosa kule kulitoka kwa watu asiowajua. Na lililomuuma zaidi ni kwamba alielewa. Karishma alikuwa na hadithi moja nzuri, na hadithi hiyo ilikuwa na jina la mshindani wake ndani. Alifanya wanachofanya wenye duka, alibadilisha lebo.

Anti Shakuntala yeye hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Alisimama. Kwa mwanamke mwenye valvu ya kutengenezwa, alisimama upesi sana.

"Kimeli?" alinong'ona, macho yamewaka. "Huyo kijana alikuja hapa mara moja, alikula chapati, akaenda. Ngazi yangu hajui! Moyo wangu hajui! Kwa nini mtoto yangu anasema uongo na moyo wangu?"

"Anti..."

"Hapana. Mimi nilifundisha yeye kusema kweli. Mimi naingia, naambia hao watu jina ya daktari yangu."

Alikwenda mlangoni, slipa zake zikigonga sakafu. Ndani, Karishma alikuwa amefika kwenye zile kamba za kiatu, sauti yake inapanda vizuri. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Anti hakujua habari za masharti. Hakuna aliyemwambia kwamba akifungua mlango huo na kutamka neno moja, hata liwe "Chelimo," binti yake amefutwa leo na hana pa kukata rufaa. Aliyejua ni mmoja tu pale ukumbini.

Maisha yake yote Chelimo alifundishwa kungoja mtu mwingine amsemee. Sasa msemaji alikuwa amepatikana. Alikuwa na sari ya kijani, alikuwa na ukweli mtupu mdomoni, na mkono wake ulikuwa umeshika kitasa cha mlango.

Ili ashinde, Chelimo hakuhitaji kusema uongo, wala kumdhuru mtu, wala kubonyeza kitufe chochote. Alihitaji kuketi tu pale alipoketi.

Na kochi la Anti Shakuntala, wasomaji wangu, lilikuwa laini sana.